Gari la Baba Lilipoacha Kuchemka

Mwezi uliopita gari langu lilichemka njiani karibu na Kenani, na kwa kuwa mimi ni mtu wa haraka, nilifungua kifuniko cha rejeta kabla ya wakati wake. Nilikuwa nimekifunika kwa kitambaa, kwa hiyo mkono ulisalimika. Lakini harufu ilinipiga usoni: kutu, tope la moto, na kwa mbali sana kitu kama samaki aliyechemshwa bila chumvi. Niliketi kwenye majani kando ya barabara, mtu mzima mwenye watoto wake, nikalia mpaka kijana mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli akashuka kuniuliza kama nimeungua. Nikamwambia sijaungua, nimeshtuka tu. Sikuweza kumweleza kwamba mshtuko wenyewe ulikuwa wa zamani na kwamba siku hiyo ulikuwa umenirudia.

Wenzangu mliokulia Nchelenge, kando ya ziwa, mnaijua harufu ninayoisema. Mnazikumbuka pikapu zile zilizopangana ufukweni Kashikishi, zikipakia magunia ya chisense, visamaki vile vidogo vilivyoanikwa mchangani mpaka vikawa vyepesi kama maganda. Harufu yake ilikaa kwenye sare zetu za shule na kwenye nguo za Jumapili, na hakuna sabuni iliyoiweza. Pikapu ya Baba yangu ilikuwa mojawapo. Zamani ilikuwa nyeupe. Alikuwa akipeleka samaki Mwansabombwe na kurudi na mihogo, na Mama ndiye aliyekuwa akiwanunua samaki hao kwa wavuvi, kwa maana Mama ni mtu wa Kilwa, ng'ambo, upande wa Kongo, aliyevuka kufanya biashara akaolewa huku. Ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili chake, nje tukasema Kibemba, na Baba akawa na lugha ya tatu aliyoisema na gari lake peke yake asubuhi, boneti ikiwa wazi.

Baba alikuwa na desturi moja ambayo kila dereva wa ufukweni alikuwa nayo. Kabla ya safari aliteremsha gari mpaka majini, akachukua ndoo ileile iliyobebea chisense, akachota ziwani na kulinywesha gari. Maji ya bomba la kusukuma yalikuwa ya watu. Gari la ziwani hunywa ziwa. Hivyo ndivyo walivyosema, na hakuna aliyeona kasoro yoyote. Mimi nilipenda kuangalia maji yakiingia, yakitoa sauti ya koo la mtu mwenye kiu.

Kisha Baba akaugua. Mdogo wake, ambaye mimi namwita Baba Mdogo, alimlaza kwenye kiti cha mbele akampeleka hospitali Mansa. Siku gari liliporudi, mimi nilikuwa nimeshapelekwa kwa jirani, nikakaa huko nikila vizuri kuliko nyumbani na kushangaa kwa nini kila mtu mzima aliyenitazama alishusha sauti. Waliniambia Baba amelala. Baadaye wakaniambia ameitwa. Yote mawili hayakunitia wasiwasi, maana Baba alikuwa na kawaida ya kulala mchana, na hakukuwa na siku ambayo hakuitwa na mtu mahali fulani. Walikwenda kumzika kwa jamaa zake, upande wa bwawa la Mofwe, na kwetu mtoto mdogo hapelekwi makaburini. Niliporudishwa nyumbani nilikuta wanawake wameketi sakafuni wamejaa nyumba nzima, na Mama katikati yao amefunga kitambaa cheupe kichwani. Nikauliza Baba yuko wapi. Mmoja akanimegea tonge la ubwali, ugali wa kwetu, akanitia mkononi, akageuka pembeni.

Basi nikapiga hesabu zangu mwenyewe. Baba hakuwahi kurudi bila gari, na gari halikuwahi kurudi bila Baba. Gari lilikuwa uani, chini ya turubai. Kwa hiyo Baba yumo. Sikuweza kuona ni wapi hasa, maana chini ya kiti hakuwemo na nyuma hakuwemo, lakini chini ya boneti kulikuwa na mahali pengi pa giza ambapo mimi sikuruhusiwa kutia mkono. Nikaridhika. Nilianza kuiba chisense kidogo jikoni na kuzipitisha kwenye matundu ya mbele ya gari, ili asilale na njaa.

Matanga yalipopungua, Mama alitoa turubai. Baba ndiye aliyemfundisha kuendesha, na kulikuwa na magunia ya samaki yanayongoja na wateja Mwansabombwe wanaouliza. Akajaza maji kutoka ziwani kama alivyomwona mumewe akifanya, akanipandisha pembeni yake kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia, tukaondoka. Mwanzo safari ilikuwa nzuri. Lakini tulipokaribia mahali ambapo njia ya mchanga inaachana na barabara kuelekea upande wa Mofwe, mshale wa joto ulipanda, ukapita alama nyekundu, na chini ya boneti kikasikika kitu kikigugumia. Kikagugumia tena, halafu kikakohoa.

Nilikitambua mara moja. Kilikuwa kikohozi cha Baba, kile cha asubuhi, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kuanza kusema. Mama aliruka nje, mvuke ukamfunika, akawa anapiga boneti kwa kitambaa na kulia kwa hasira. Mimi nilibaki kwenye kiti nikitabasamu, mtoto mjinga, machozi ya furaha yakinitoka.

Ikawa hivyo kila safari. Gari lilikwenda, na karibu na njia ile ya mchanga likachemka, Mama akangoja lipoe, akajaza maji, tukafika Mwansabombwe samaki wakiwa wamechelewa. Ajabu ni kwamba Baba Mdogo alipolichukua Jumapili kwenda kanisani, au akalizungusha mpaka sokoni Kashikishi, halikuchemka hata siku moja. Na hilo, katika mji ambako kila mtu anajua gari la kila mtu, halikukaa siri.

Hapa lazima niwaeleze Shangazi, dada mkubwa wa Baba. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye macho yasiyopepesa, na alikuwa mmoja wa wale akina mama wanaofunda wari. Yeye ndiye aliyemfunda Mama alipoolewa. Siku ya ndoa ndiye aliyempa chungu kidogo cha udongo ambacho kila nyumba ya zamani ilikuwa nacho, kikifichwa chini ya kitanda. Mke na mume hupasha maji ndani yake, kila mmoja ameshika upande wake, wakanawishana mikono. Ndipo huweza kugusa moto wa jiko na kubeba watoto bila kuwadhuru. Wenyewe husema ndoa ina joto lake, na joto hilo lisipooshwa huunguza wasiohusika. Mtoto haruhusiwi kukigusa chungu hicho wala kukiulizia. Mimi nilikigusa mara moja, nikachapwa na wazazi wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake.

Kifo nacho kina joto lake. Mume akifa, kifo chake hukaa mwilini mwa mke mpaka ndugu za mume wakitoe. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa unga mweupe na maombi, kwa sababu sisi ni watu wa kanisa, lakini hufanywa, na siku yake hupangwa na ukoo. Siku hiyo ilikuwa bado haijapangwa. Mama alikuwa ameshika usukani kabla ya kutolewa kifo, na gari la marehemu likachemka mikononi mwake, mahali pale pale penye njia ya kwenda kaburini, huku mikononi mwa ndugu wa damu likitulia. Mtu gani mwenye akili zake angehitaji ushahidi zaidi? Shangazi alikuja nyumbani, akaketi, akakataa maji ya kunywa, akamwita Mama mulamu, yaani wifi, akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Mulamu, ile moto haiko ya motoka. Iko ya ule alikufa. Ingali juu yako, na wewe unashika nayo kitu ya mudogo wangu."

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilisikia kila neno, na mwili wote ukanisisimka, maana mtu mzima, tena Shangazi, alikuwa amethibitisha niliyoyajua: moto ule ni wa Baba. Mengine sikuyaelewa. Sikuelewa kwa nini Mama aliinama vile, wala kwa nini Baba Mdogo, aliyesimama uani akijifanya anaangalia tairi, alikuwa akichezea ufunguo wa akiba mfukoni.

Ukoo uliketi. Ukaamua kwamba gari litakwenda kwa Baba Mdogo, na Mama, kwa kuwa bila gari hakuwa na kazi huku wala ndugu, atarudi kwao Kilwa pamoja na mimi. Walilisema kwa upole, kama watu wanaomfanyia mtu hisani. Lakini wakati ule ng'ambo hakukuwa shwari; kila wiki tuliona mitumbwi ikifika na watu waliobeba magodoro na kuku, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akielekea kule. Mama hakubishana. Aliomba wangoje mpaka Jumapili inayofuata, akaamka asubuhi akalipeleka gari kwa Papa Ilunga.

Papa Ilunga alikuwa fundi aliyetoka Lubumbashi, mnene, mwenye kofia ya sufi hata wakati wa joto, na karakana yake ilikuwa kivuli cha mabati manne nyuma ya soko. Alimfanya Mama azunguke mji akiwa amepakia mawe badala ya samaki, mara moja, mara mbili, mpaka mshale ulipoanza kupanda. Kisha akafungua boneti, injini ingali inanguruma, na jambo la kwanza alilofanya ni kuokota chisense moja iliyokaushwa, na nyingine, na nyingine. Akasema kuna panya. Nikatazama chini. Halafu akauchukua mkono wa Mama.

"Madame, shika uku kwanza. Pole pole." Akamwekea kiganja karibu na injini, Mama akakirudisha haraka. "Sasa shika uku." Akamshikisha mpira mnene wa maji unaotoka kwenye injini kwenda rejeta. "Umeona? Injini inaungua, mupira iko baridi. Donc maji ya moto haipite. Kuna mulango pa katikati, na haifunguke."

Nami nikataka kushika. Akaninyanyua kwapani, nikaweka kiganja juu ya mpira ule. Ulikuwa vuguvugu kidogo tu, karibu baridi, wakati pembeni yake chuma kilikuwa kikitoa mvuke. Sijawahi kusahau hisia hiyo. Mkono husema kweli kabla ya kichwa, ndivyo alivyotuambia, na akarudia kwa Kifaransa ili tuone kwamba ni jambo zito.

Alisubiri injini ipoe, akafungua boliti mbili, akatoa kitu cha shaba na chuma kisichozidi kifuniko cha chupa pana, chenye springi na kitako cha mviringo katikati. Yeye alikiita termosta. Alieleza kwamba ndani ya kile kitako kuna nta. Maji yakiwa baridi nta inatulia na mlango unafungwa, ili injini ipate joto upesi. Maji yakipata moto nta inavimba, inasukuma mlango, maji yanakwenda kupoa kwenye rejeta na kurudi. Hiki chetu kilikuwa kimeziba kwa tope jekundu la kutu. Papa Ilunga akakikwangua kwa ukucha, na kwenye ukucha kikabaki kipande kidogo kinachong'aa. Kilikuwa gamba la samaki. Akacheka, akasema hayo ndiyo malipo ya kulinywesha gari ziwa miaka yote. Na gari lilipokaa wakati wa matanga bila kuwashwa, tope liliganda, mlango ukabaki na upenyo wa wembe. Kwa mwendo mfupi wa kwenda kanisani upenyo huo ulitosha. Kwa mwendo wa Mwansabombwe na mzigo juu, haukutosha.

Mama alilitazama lile gamba. Alijua ndoo ilikuwa ya nani. Mimi pia nilijua, na kwangu hesabu ikazidi kunyooka: Baba yumo, na chisense ninazompa anakula, na hili ni gamba lake.

Fundi akataka kuzibua tundu na kufunga bila kurudisha kitu, kama wanavyofanya mafundi wote wa kwetu. Alisema joto la mkoa wetu wa Luapula linatosha kuamsha injini, kidude hicho ni cha nchi za theluji. Lakini Mama ni mtu wa maswali.

"Papa, kama haina kazi, bale benye kutengeneza motoka baliiweka ya nini?"

Papa Ilunga akakuna kofia yake. Akakubali kwamba bila hicho injini hukimbia ikiwa baridi, hula mafuta na kuchakaa kabla ya siku zake. Kipya kikaagizwa Mansa, kikaja na dereva wa basi kikiwa kwenye kiboksi kidogo. Lakini Mama hakutaka kifungwe mpaka Jumapili. Alivifunga vyote viwili, kipya na kizee, kwenye ncha ya kitenge chake, tukarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilitembea upande wa ncha ile nikiiangalia.

Jumapili walikuja wote baada ya ibada, Shangazi mbele. Mama alikuwa amewasha mbaula, jiko lile la makaa, katikati ya uwanja. Watu walidhani ni chai. Kisha akaingia ndani, akatoka amebeba kile chungu kidogo cha udongo cha chini ya kitanda, mchana kweupe, mbele ya wanaume na watoto, akakiweka juu ya makaa na kumimina maji.

Sijui kama niliwahi kuona watu wakishtuka vile. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa khanga. Baba Mdogo alisimama, akakaa, akasimama tena. Shangazi alipiga hatua moja mbele na mkono wake ukabaki hewani, kwa maana chungu alikitoa yeye, na mafundisho yake aliyatoa yeye, na mwanafunzi wake alikuwa akikivua nguo chungu hicho mbele ya umati. Mimi niliyechapwa kwa kukigusa nilishika ukuta. Nilidhani mbingu zitapasuka, na nilikuwa nimejiandaa kukimbia.

Mama alinyanyua uso. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Iyi chungu haina kazi tena, mulamu. Ule tulikuwa tunapasha naye maji hayiko. Na sitaweka hii sumu mu chungu ya chakula ya mutoto."

Kisha akakitumbukiza kidude kizee, kimefungwa uzi. Maji yakaanza kuchemka, mapovu yakapanda, na watu wakasogea bila kutaka. Kidude hakikufunguka. Kilikaa ndani ya maji yaliyokuwa yakitokota, mdomo umefungwa, na harufu ya kutu na samaki ikatuenea sote puani. Nilijua sababu: Baba hakutaka kusema mbele ya Shangazi. Mama akakitoa, akatumbukiza kipya. Tukangoja kidogo. Halafu, taratibu, bila kuguswa na mtu, kikafungua kinywa.

Nilipiga kelele. Si mimi peke yangu. Hata mzee mmoja wa kanisa alitoa sauti ambayo naamini hakuikusudia. Mama alikitoa kwenye maji, kikapoa, kikafunga kinywa. Akakirudisha, kikafungua. Akafanya hivyo mpaka wote walipokwisha kuona, na hapo nami nikapatwa na wazo: kinywa kile kilikuwa kinafunguka na Baba hayumo. Kilitoka kwenye kiboksi. Baba hakuwahi kukigusa.

Mama akamgeukia Shangazi.

"Kesho upande na mimi mpaka Mwansabombwe. Ikichemka, funguo ni yenu, na mi nitavuka na mutoto wangu."

Shangazi alikitazama chungu, akamtazama mdogo wake aliyekuwa na ufunguo mfukoni. Alisema atapanda.

Asubuhi Papa Ilunga akakifunga kidude kipya na karatasi yake mpya ya kuzuia maji yasivuje, akasafisha rejeta mpaka maji yakatoka meupe, na safari hii Mama akajaza maji ya bomba. Tukapakia magunia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na barabara ilinukia vizuri. Mimi niliketi katikati, kati ya wanawake wawili wasiosemeshana, na Shangazi hakuondoa macho kwenye mshale wa joto. Mshale ulipanda mpaka katikati, ukatulia pale. Mama alikuwa ameshika usukani kwa nguvu mpaka mishipa ya mikono ikamtoka, na midomo yake ilikuwa ikienda, akiomba. Aliomba gari linyamaze. Nami, kati yao, nilikuwa nikiomba lichemke. Sikuelewa habari za Kilwa wala za mitumbwi ile. Nilijua tu kwamba tangu asubuhi sijamsikia Baba. Nilinong'ona, "Baba, sema. Baba, kohoa kidogo."

Tulifika karibu na njia ya mchanga. Tukaifikia. Mshale haukusogea. Injini iliimba wimbo wake mmoja ule ule, laini, wa chuma tu, na Shangazi akatoa pumzi ndefu, akaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu nyumbani. Tukaanza kuipita njia ile.

Nikaangua kilio. Nililia kama mtu aliyekanyagwa. Nilijitupa kwenye dashibodi nikaipiga kwa ngumi zote mbili, na Mama, aliyedhani nimeumia, akasimamisha gari kando ya barabara. Aliponiuliza, nikasema kwa kwikwi kwamba wamemtoa, wamemtupa kwa Papa Ilunga, Baba hasemi tena.

Shangazi na Mama wakatazamana juu ya kichwa changu. Nauona mtazamo ule mpaka leo. Watu wawili waliokuwa na ugomvi wa joto na funguo na chungu walitambua kwa pamoja kwamba, katika siku zote zile za vilio na vikao, hakuna aliyemwambia mtoto. Shangazi akaweka mkono mdomoni. Mama akazima injini, akanishika uso kwa viganja vyote viwili, akasema neno ambalo ukoo mzima ulikuwa umelizunguka.

"Baba yako hayiko umu, mwana. Baba yako alikufa."

Niliacha kulia ghafla. Nilikuwa nimekula ubwali wa matanga, nimelala kati ya waombolezaji, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kupata habari. Nilimtazama Shangazi ili akanushe, maana yeye ndiye aliyesema moto ni wa Baba. Hakukanusha. Aliitikia kwa kichwa, akashika mkono wangu, akamwambia Mama arudi nyuma kidogo akate kona. Hata magunia hayakutajwa. Yeye mwenyewe, mlinzi wa mila, alikuwa anampeleka mtoto makaburini.

Njia ya mchanga ilikuwa fupi. Palikuwa na nyasi ndefu, na mbali kidogo maji ya Mofwe yaliyotulia, na kilima kidogo cha udongo ambacho mvua ilikuwa imekibonyeza upande mmoja. Mama alisimama. Shangazi alipiga magoti, akaanza kusema na mdogo wake kwa Kibemba, kwa sauti ndogo, akimwambia kwamba gari linaendelea vizuri, liko mikononi mwa mkewe, na siku ya unga mweupe ataisimamia yeye. Nilisikia yote lakini sikumwamini mtu yeyote tena. Nilisogea peke yangu mpaka pale kichwani, nikafanya kama nilivyofundishwa karakanani. Niliweka kiganja juu ya udongo, pole pole, nikangoja.

Ulikuwa baridi.